Mvua, Jembe na Kumtegemea Mungu

Ndugu msomaji, kijana mmoja wa Genkuru, katika nchi ya Wakurya mkoani Mara, alituletea swali ambalo yafaa lijibiwe hadharani, maana wengi wanalo moyoni ingawa hawalisemi. Kijana huyu aliingia katika Uislamu si zamani sana. Baadaye msimu mmoja mvua za vuli zilichelewa, zikanyesha siku chache, kisha zikakatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Baba yake akamwambia mbele ya ndugu zake: “Wewe umeiacha njia ya wazee wetu, na mvua nayo imetuacha.” Kijana akanyamaza kwa heshima, lakini maneno yale yakamchoma. Akatuuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni kweli kwamba ukame ule ulitokana na yeye? Pili, ikiwa Mungu ndiye mwenye kuteremsha mvua, je, kubadili namna ya kulima si kupungukiwa na imani?

Tuanze na swali la kwanza. Siku aliyofariki Ibrahimu, mtoto mdogo wa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., jua lilipatwa. Watu wakasema kwamba jua limeomboleza. Laiti angekuwa mtu mwenye kujitafutia utukufu, angeyanyamazia maneno hayo. Lakini yeye, hali moyo wake umejaa huzuni, alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni dalili mbili miongoni mwa dalili za Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Basi ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, mvua itakatikaje mkoa mzima kwa sababu ya kijana mmoja aliyesilimu?

Tena tazameni yaliyotukia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Waislamu wa Somalia walipoteza mifugo, na Wakristo wa Kenya wakapoteza mifugo vile vile. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 yakaja mafuriko, nayo hayakuuliza dini ya mwenye nyumba. Wataalamu wanatueleza kwamba dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa makaa na mafuta yachomwayo, hasa katika nchi zenye viwanda vingi, na kwa sababu ya misitu inayokatwa. Kurani Tukufu, katika Sura Ar-Rum, imekwisha sema kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Kosa lipo, lakini si la kijana wa Genkuru.

Sasa swali la pili. Iko hadithi mashuhuri ya mtu aliyemwuliza Mtume s.a.w. kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na Hadhrat Umar r.a., alipokutana na watu waliokaa bure wakijiita wenye kumtegemea Mungu, aliwakanusha, akawafahamisha kwamba mwenye kutegemea ni yule atiaye mbegu ardhini kisha akamwachia Mola wake. Yeye mwenyewe, ukame mkubwa ulipoipata Arabuni katika mwaka wa 18 wa Hijra, aliwatoa watu kwenda kuomba mvua. Lakini papo hapo aliwaandikia magavana wake walete chakula, naye akajinyima samli mpaka watu wa kawaida waipate. Dua na juhudi zilikwenda pamoja.

Huenda mtu akasema: “Elimu hii ya kilimo imetoka kwa watu wasio wa dini yetu.” Ajue kwamba Mtume s.a.w. aliwakuta watu wa Madina wakichavusha mitende kwa mikono. Akadhani kwamba pengine haina faida, wakaacha, na mavuno yakapungua. Walipomweleza, aliwaambia kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Tazama unyenyekevu huo! Mtume wa Mungu amewaachia wakulima elimu ya majaribio, basi sisi ni nani hata tuikatae?

Na elimu hiyo haiko mbali. Nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria zinasumbuliwa na kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo hukaa hai ardhini miaka mingi. Huko Mbita, ng’ambo ya mpaka katika Kenya, wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe waliendeleza njia iitwayo Vuta-Sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ambao harufu yake huwafukuza nondo wazaao funza wa mabua, na mizizi yake hukifanya kiduha kichipue kisha kife. Pembezoni hupandwa majani ya tembo, au brakiaria mahali penye ukame, yanayowavuta nondo hao wakatage huko. Desmodiamu hufunika udongo usikauke upesi, huurutubisha, na pamoja na majani yale huwa malisho ya ng’ombe. Mkurya na ajiulize: ni zawadi gani inayofaa zaidi nyumba yenye shamba na zizi? Hata hivyo tusidanganyane: msimu wa kwanza palizi yake ni nyingi, na mwenye pupa hukata tamaa.

Yako na mengine yasiyohitaji fedha nyingi: kutochoma mabua bali kuyatandaza shambani, kuchimba makinga maji kukata mteremko, kupanda mtama, ulezi na muhogo pamoja na mahindi ili kimoja kikikosa kingine kisikose. Jirani zetu Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kuyafunga malisho kwa ajili ya kiangazi. Shinyanga ilipokuwa imekaribia kuwa jangwa, serikali ilianzisha mradi wa HASHI mwaka 1986, ukaihuisha desturi hiyo ya wazee, na miti ikarudi. Basi si kila jambo la wazee ni la kuachwa. Ushirikina tunauacha, hekima tunaishika. Na Nabii Yusufu a.s. alikuwa mtu wa Mungu, naye aliwashauri Wamisri waweke akiba ya nafaka ikiwa katika masuke yake miaka saba ya neema, kwa ajili ya miaka saba ya dhiki.

Mwisho, anayejua amfundishe asiyejua, awe Mwislamu au asiwe. Sheria ya Zaka imeweka sehemu moja ya kumi kwa mazao yaliyonyeshewa na mvua, na nusu yake kwa yaliyomwagiliwa kwa taabu. Maana yake ni kwamba Mungu huihesabu taabu ya mkulima, na pia kwamba ndani ya shamba lako imo haki ya maskini.

Na wewe kijana wetu, usishindane na baba yako kwa maneno. Mwamkie kwa adabu, umwombe kipande kidogo cha shamba lake, ukilime kwa njia hii mbele ya macho yake, na kila usiku umwombee dua. Mvua ikija, mshukuru Mungu pamoja naye. Ikichelewa, na aone kwamba mwana aliyesilimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta chakula mezani pa baba yake.

Mwenyezi Mungu atuteremshie mvua yenye baraka, na atujaalie mikono isiyochoka. Amin.