Je, Mume Hujishusha Amsaidiapo Mkewe?

Ndugu wakatekumeni, kila jioni twawaona wake zetu hapa Lweba wakirudi kutoka mashambani, wamebeba mihogo na kuni, nao waume wametangulia mikono mitupu. Mume mmoja aliniuliza: “Mwalimu, nikimpokea mke wangu mzigo, je, watu hawatanicheka?”

Sikieni kwanza habari ya mume na mke wa Kenya. Gilbert Koech alikuwa mkimbiaji wa marathoni, yaani mbio za kilometa 42 na mita 195. Mkewe, Edna Kiplagat, naye ni mkimbiaji. Walifanya mazoezi pamoja, kisha mume akawa mwalimu wa mkewe. Mwaka 2011, katika mashindano ya dunia huko Daegu, Korea Kusini, Edna alijikwaa akaanguka, mwisho ukiwa karibu. Mshindani wake, Sharon Cherop, Mkenya mwenzake, alisimama ili amsaidie. Edna akainuka, akashinda. Mwaka 2013 akashinda tena mjini Moscow.

Je, Koech alipungukiwa na heshima kwa kuwa mkewe alipata sifa? Hasha! Waliofunga ndoa wana safari moja. Mzigo umlemeao mmoja wamlemea na mwenzake. Tena, ikiwa mshindani alisimama kwa ajili ya Edna, mume atampitaje mkewe njiani?

Basi, ndugu yangu, jioni ya leo mpokee mkeo mzigo. Atakayecheka na acheke. Huenda kesho naye ataona haya kwenda mikono mitupu.