Ushahidi wa Wodini

Kila uchaguzi unapokaribia, Saad bin Abi Waqqas huletwa barazani kwetu. Wanaomleta ni watu wema: wanasali, hawaibi, na hawapigi kura. Fitina ilipozuka baina ya Ali na Muawiya, wanasema, sahaba huyu aliyebashiriwa pepo alijitenga na ngamia zake nje ya Madina, asimfuate huyu wala yule. Na sisi tukae kando vivyo hivyo, tusije tukachafua mikono kwa kuwachagua walaji.

Hoja yao naiheshimu, maana walaji wapo na tunawajua kwa majina. Lakini alichokikataa Saad ni upanga. Imepokewa kwamba alitaka kwanza aletewe upanga wenye macho na ulimi, wa kumtambulisha muumini na kafiri. Na wanaomtaja hawarudi nyuma kidogo, pale Umar alipochomwa jambia akawaachia watu sita kazi ya kumpata khalifa. Saad alikuwa mmoja wao. Hakusema mambo ya utawala ni najisi. Haki yake alimkabidhi Abdulrahman bin Auf. Naye Abdulrahman, kama anavyosimulia Ibn Kathir, akazunguka Madina usiku na mchana akiuliza watu rai zao, hata wanawake nyuma ya mapazia, hata watoto vyuoni, hata wasafiri walioingia mji siku hizo. Sisemi kwamba Madina ilikuwa na tume ya uchaguzi. Ninachokiona ni kwamba mwanamke wa ndani aliulizwa, na hakujibu kwamba hayamhusu.

Mimi ni muuguzi niliyestaafu, na wanawake wa darsa langu la Alhamisi, hapa Majengo, Mombasa, bado wananiita Sista. Ndiyo maana swali la kura kwangu halianzii kitabuni. Linaanzia wodi ya wazazi.

Kabla ya Juni 2013, mzazi katika hospitali ya umma alilipia kujifungua. Asiyekuwa na pesa, pale nilipofanya kazi, hakuachiwa kutoka. Namkumbuka mmoja kutoka upande wa Kwale. Daktari alikwisha kumruhusu, mtoto mzima, maziwa yanatoka, lakini jina lake lilikuwa kwenye daftari la wanaodaiwa, na askari wa getini alikuwa na nakala yake. Kitanda tukamnyang'anya, kwa sababu kilihitajiwa na mwenye uchungu. Akalala juu ya mkeka baina ya ukuta na kabati la dawa. Asubuhi alifua vitambaa vya mtoto kwenye sinki letu na kuvianika dirishani. Kila nikipita na faili ananiamkia, nami naitika huku nikitazama pengine. Hatimaye mumewe aliuza mbuzi.

Tarehe 1 Juni 2013, Sikukuu ya Madaraka, rais mpya akatangaza kwamba kujifungua katika hospitali za serikali ni bure. Sikumpigia kura, Pwani wengi wetu hatukumpigia. Na siku zile wodi haikuwa na raha. Wazazi walilala wawili kitanda kimoja, glavu zikaisha, wauguzi hawakuongezwa, nami nikanung'unika kama wenzangu. Lakini majina ya wazazi yalikoma kuandikwa kwenye daftari lile. Ahadi ile ilikuwa ya kampeni, na mtu anaweza kuumbua kila kitu kingine cha serikali ile, hii akaiacha. Tangu hapo nimeacha kuiona kura kama mahaba. Wanaosema "simpendi yeyote" naona wanajibu swali ambalo hawakuulizwa.

Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani aliandika kwamba mpiga kura anafanya mambo matatu kwa pamoja: anashuhudia, anaombea mtu, na anaweka wakili. Nashika hilo la kwanza. Qur'ani inakataza kuuficha ushahidi, na inaamrisha kusimama na haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Katika darsa yuko dada mmoja msomi, hodari wa fiqhi, aliyenibana: "Sista, kura kama ni wajibu basi ni fardhi kifaya. Wakishapiga wengine, sisi tumesameheka." Ni hoja nzuri, nami nililala nayo. Maiti akioshwa na wanne, kweli wa tano hana deni. Lakini niliyoyaona mimi kwenye daftari lile, mwenzangu aliyekuwa Malindi siku hiyo atayashuhudia vipi kwa niaba yangu? Na shahidi haulizwi kama neno lake peke yake ndilo lililoshinda kesi. Anaulizwa kama alichokijua alikisema au alikificha.

Na kimya nacho kinahesabika. Mwaka 2022 walioandikishwa nchini walikuwa milioni 22.1, waliopiga kura milioni 14 na ushei. Wagombea wawili wa mbele walitofautiana kwa kura 233,211. Mombasa tulikuwa mkiani. Waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Karatasi za ugavana zilichapwa na picha zisizokuwa zenyewe, tukaambiwa turudi tarehe 29 Agosti kumchagua gavana peke yake. Wengi hawakurudi. Na gavana ndiye mwenye zahanati! Tangu 2013 dawa za mtaani kwetu hazitoki Ikulu, zinatoka kwenye bajeti ya kaunti inayopitishwa na mwakilishi wa wadi (MCA) ambaye nusu ya watu wa barazani hawamjui hata sura.

Kijana anayetengeneza simu hapa pembeni hakubaliani nami. "Mama, Juni 2024 tulitoka barabarani, mswada ukaondolewa. Nyinyi mmepiga kura tangu zamani, mmepata nini?" Sikumkatalia. Mswada ule wa fedha mwanzoni ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na uliondolewa tarehe 26 Juni, baada ya vijana kuuawa. Waliyoyafanya ni ushahidi, tena wa ghali kuliko wangu wa wino kidoleni. Nilimwomba tu anitafutie kura ya Bunge ya tarehe 25. Akaisoma mwenyewe: wabunge 195 walikubali, 106 walikataa. Hao 195 hawakushuka na mvua. Akanyamaza, akapuliza vumbi kwenye simu aliyoishika, kisha akaniambia tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, angejiandikisha kwa nani? Hapo alikuwa na haki. Lakini uandikishaji ulirejea mwishoni mwa Septemba 2025, na yeye bado hajajiandikisha.

Wamakonde wa Kwale, wengi wao walizaliwa hapa, wakazeeka hapa, bila kitambulisho. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, wakaupata, na Agosti 2017 wakapiga kura. Huwa nawataja ninaposikia kwamba foleni ni ndefu.

La kuuza kura nalisema kwa tahadhari. Katika hadithi ya madhambi makubwa, Mtume (S.A.W.) alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawasawa, akalirudia na kulirudia. Mwenye kugawa noti za mia mbili usiku wa kuamkia uchaguzi na asikie hilo. Lakini bibi wa miaka sabini na tano, ambaye shilingi 2,000 za Inua Jamii huchelewa miezi, akipewa leso na mgombea, simhukumu. Namwambia ajifunge leso yake, aende akamshuhudie anayemjua. Masheikh wengine hawapendi nikisema hivi. Sawa.

Wagombea wakija kwetu kina mama nawauliza mambo ya dawa na maji: zahanati ilikosa sindano ya uzazi mara ngapi, nani aliizuia bajeti, bursari walipewa watoto wa nani. Wengi hujibu kwa jina la chama, nami hukaa kitako na kuuliza tena.

Wiki iliyopita mmoja katika darsa alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Mumewe ameamuru nyumba nzima imchague mtu fulani, na jioni ya kura atamuuliza. Akijibu "ndiyo" naye hakumchagua, si amemdanganya mume? Nilimwambia utiifu haufiki kwenye ushahidi. Hilo sina shaka nalo. La uongo lilinipa tabu zaidi. Nikamshauri asiseme ndiyo wala siyo, aseme tu kwamba katiba imeifanya kura kuwa siri.

Akacheka hadi akashika mlango. "Sista," akasema, "wewe hukuolewa na yule."