Kuijua sukari yako ni sehemu ya kuchunga amana

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, kila unapoingia mwezi wa Shaaban, sisi walimu wa dini huulizwa swali moja na ndugu zetu wenye kisukari: "Ustadh, nifunge au nisifunge?" Nami huwauliza: "Asubuhi ya leo sukari yako ilikuwa ngapi?" Wengi hawajui. Husema daktari ndiye anayejua, imeandikwa kwenye daftari la kliniki.

Tufanye hesabu. Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa anayekwenda kliniki kila mwezi, akakaa na daktari nusu saa, kwa mwaka mzima atakuwa amekaa naye saa 6. Saa 8,754 zilizobaki yuko nyumbani, kazini na msikitini. Anayeamua ale kiasi gani, atembee au akae, ameze dawa au ajichome insulini saa ngapi, ni yeye mwenyewe. Basi vipi mwenye maamuzi yote hayo aishi bila elimu ya ugonjwa wake?

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akaamka na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika, akasema wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Tuzingatie: watu wale hawakuwa na nia mbaya. Waliihimiza ibada bila elimu, na mtu akafa.

Leo kisa hicho kinajirudia majumbani mwetu. Mama mwenye kisukari anatetemeka na kutokwa jasho saa tisa alasiri, na watoto wanamwambia, "Vumilia mama, magharibi imekaribia." Utafiti wa mwaka 2001 uliohusisha watu zaidi ya 12,000 katika nchi 13 ulionesha kuwa asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga angalau siku 15 za Ramadhani. Na katika mwezi huo, kushuka kwa sukari kwa kiasi cha kulazwa hospitali kuliongezeka kwa kundi hilo mara 7 na zaidi.

Je, dawa yake ni kuwakataza wote? Hapana. Mjini London, Waislamu 111 wenye kisukari cha aina ya pili walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2010. Waliofundishwa kabla ya Ramadhani namna ya kupanga chakula, mwendo, dawa na kupima sukari, matukio yao ya sukari kushuka yalipungua kutoka 9 hadi 5. Wasiofundishwa, yalipanda kutoka 9 hadi 36. Mwezi ni ule ule na maradhi ni yale yale. Kilichowatofautisha ni elimu.

Elimu yenyewe si ya chuo kikuu. Mgonjwa ajue kujipima. Tone la damu la kidoleni halifunguzi. Ajue kuwa sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, anafungua hapo hapo, hata kama adhana imebaki robo saa. Akae na daktari wiki kadhaa kabla, wapange upya dawa ya daku na ya futari, asijipunguzie kwa kukisia. Acheleweshe daku. Na wakati wa futari, asiyakusanye maandazi, tambi na sharubati katika sahani moja.

Akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa funga itamdhuru, asione haya. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na katika sura hiyo hiyo, aya ya 195, Allah (s.w.) anatukataza kujitia katika maangamizi. Anayetarajia kupona atalipa. Asiyetarajia atalisha masikini. Na yule ambaye tabibu amemwambia anaweza kufunga, asiufanye ugonjwa kisingizio.

Nawaomba maimamu na kamati za misikiti: katika darsa za Shaaban, tengeni siku moja, mwalikeni muuguzi au daktari akae pamoja na ustadh. Wagonjwa waulize, wapimwe, wafundishane wao kwa wao. Mwili ni amana, na kila mmoja ataulizwa juu ya amana yake.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na atufikishe Ramadhani tukiwa na elimu na afya. Wabillahi tawfiq.