Paka Aliyefungwa Kabla ya Kuzaliwa

Baadhi ya ndugu zetu wa pwani wanaokaa hapa Eldoret kwa kazi na biashara wametuletea suali juu ya paka wa Kiajemi, wale wenye manyoya marefu na uso uliobanwa kama sahani, wanaouzwa kwa bei kubwa katika miji yetu. Suali lenyewe ni hili: pana ubaya gani kumfuga paka huyu, naye hapigwi, halali na njaa, tena hulazwa juu ya mto? Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa, nalo ni mpaka wa mamlaka ya mwanadamu juu ya kiumbe kisichoweza kujisemea.

Kwanza yatupasa kuijua khabari kabla ya kuitolea hukumu. Mwaka 1871 palifanywa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London, yaliyosimamiwa na Harrison Weir. Picha za paka wa Kiajemi wa zama zile zaonyesha uso wa paka kamili: pua imetokeza, na macho yako mahali pake. Mabadiliko yalikuja katika karne ya 20. Wafugaji, khasa wa Marekani, walipendelea uso mfupi, na waamuzi wa maonyesho wakautuza. Kila kizazi dume mwenye pua fupi akakutanishwa na jike mwenye pua fupi, na watoto wao wakachaguliwa waliozidi wazazi kwa ufupi, hata pua ikapanda kukaa baina ya macho mawili.

Sasa zingatia, ndugu msomaji. Fuvu lilifupishwa, lakini viliyomo ndani havikufupika kwa kadiri ile ile. Vifereji viteremshavyo machozi puani vilipindika, machozi yakakosa njia na kumwagika usoni, yakachubua ngozi. Tundu za pua zikawa nyembamba, pumzi ikawa nzito. Meno yakasongamana katika taya lisilo na nafasi. Mwenye paka humsikia akikoroma mchana, akacheka na kusema, "Tazameni alivyo mzuri!" Kumbe mnyama hakoromi kwa raha, hewa ndiyo haipiti.

Wa pili ni paka wa Uskoti mwenye masikio yaliyokunjika. Mwaka 1961, katika shamba moja karibu na Coupar Angus, alionekana paka mweupe aliyeitwa Susie, masikio yake yameinama mbele. Watu walipendezwa naye, wakazalisha uzao wake. Baadaye ikadhihirika kwamba kilicholikunja sikio ni kasoro ya gegedu, na gegedu haliko sikioni peke yake, bali limo katika viungo vya mwili mzima. Kwa hiyo mkia hukakamaa, miguu huvimba, na mnyama hutembea kwa maumivu tangu ujana wake. Shirika la Uingereza liandikishalo paka liliacha kuwaandikisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nchi ya Uholanzi imekwenda mbele zaidi: tangu Januari 2026 imekataza watu kujipatia paka wapya wa namna hiyo. Hata hivyo kwingineko wangali wakizalishwa, kwa sababu wangali wakitakwa.

Huenda mtu akasema: "Mbona hapa Uasin Gishu tumezungukwa na wanyama na mimea iliyochaguliwa na mikono ya watu? Ng'ombe wetu ni Friesian na Ayrshire, na mahindi yetu ni ya mbegu za Kitale, ambako mwaka 1964 ilitolewa mbegu chotara ya 611. Ikiwa kuchagua ni haramu, basi tuache na maziwa na ugali." Hoja hii yataka jawabu la haki. Sisi hatusemi kuchagua ni kosa. Tangu mwanadamu alipoanza kufuga, amemweka dume huyu na kumwacha yule. Lakini mkulima mwema huchagua afya pamoja na faida, kwani ng'ombe asiyeweza kupumua hamfai kitu. Mfugaji wa paka tunayemzungumzia ameifanya kasoro yenyewe kuwa ndiyo faida. Tena kipimo chetu hakimkingi mkulima. Akimzidishia ng'ombe kiwele mpaka mnyama ashindwe kutembea, hukumu ni ile ile, wala wingi wa maziwa hauihalalishi dhulma.

Mwingine atasema: "Susie alizaliwa hivyo bila ya mkono wa mtu. Je, si maumbile ya Mwenyezi Mungu?" Naam, ni maumbile yake, na aliyezaliwa na upungufu hana lawama, wala asidharauliwe. Lakini pana tofauti baina ya msiba uliokuja wenyewe na msiba tunaoutengeneza. Mtoto akizaliwa kipofu, hiyo ni kudura, na juu yetu ni kumpenda na kumsaidia. Je, tungesemaje juu ya mtu atakayepanga ndoa za watu makusudi ili wazaliwe vipofu, kwa kuwa yeye hupendezwa na macho meupe? Hapana atakayemwachia aseme, "Ni kudura." Kudura si nguo ya kufunikia matendo yetu.

Katika mafundisho ya dini yetu mna onyo juu ya wale waliopasua masikio ya wanyama na kugeuza alivyoumba Mola. Mna pia kisa maarufu cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tukizingatie vizuri kisa hiki. Kosa alilotajiwa si kumpiga paka wala kumchoma moto, bali ni kumfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie mwenyewe. Aliondoa baina ya mnyama na riziki yake ile njia aliyopewa na Muumba wake. Basi na pumzi je, si riziki? Na mwendo usio na maumivu, si riziki? Mwanamke yule alifunga mlango, na mlango waweza kufunguliwa na mpita njia mwenye huruma. Lakini aliyemziba paka pua tumboni mwa mama yake amemfunga kwa kamba isiyo na fundo la kufunguliwa. Huyo akimpa chakula kizuri na mto laini, amempamba mfungwa, hakumwacha huru.

Udhuru wa mwisho ndio uliozoewa kuliko zote: "Mimi sikuzalisha, nimenunua tu." Ndugu yangu, mfugaji hana shamba lisilolimwa kwa fedha za mnunuzi. Lau watu wangekataa pua iliyozama, mwaka ule ule angetafuta paka wenye pua. Mnunuzi ndiye mwamuzi mkuu wa maonyesho haya, ijapokuwa hakuvaa beji.

Nasi watu wa pwani tuna udhuru mdogo zaidi kuliko wengine, maana tuna paka wetu. Yuko paka wa Lamu, mrefu wa miguu na mwembamba wa kiwiliwili, ajitafutiaye baina ya kuta na ufuo. Yuko na paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, mwenye madoa kama gome la mti. Mwaka 1978 watoto wake walipatikana karibu na Watamu, wakalelewa, kisha baadhi ya uzao wao wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirika la paka la Ulaya likawatambua kuwa ni aina kamili. Ulaya wamesifiwa kwa umbo lile lile walilotoka nalo msituni. Hapa yadhihirika kwamba mtu aweza kumpenda mnyama na kuhifadhi nasaba yake pasipo kumharibu. Lakini hata hao wahitaji uangalifu, kwani wazazi wao wa kwanza walikuwa wachache, na ndugu wakizidi kuzaana wao kwa wao, udhaifu huja bila ya kualikwa.

Basi jawabu letu ni hili. Asiyekuwa na paka wa uso uliobanwa, au wa masikio yaliyokunjika, asimnunue wala asimpokee kwa muuzaji. Aliye naye tayari asimtupe njiani, kwa kuwa hiyo ni dhulma juu ya dhulma. Amfute machozi kila siku, ampeleke kwa daktari wa mifugo anapoona pumzi nzito au mguu mgumu, wala asimzalishe, ili maumivu yakome kwake. Na anayetamani paka nyumbani, vichochoroni wamejaa wasio na mtu, wenye pua zao timamu. Sahani ya dagaa yamtosha mmoja wao kuwa wa nyumba.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.