Vyombo Vinapoharibika kwa Mkupuo Mmoja

Kuna mtihani mdogo ambao watu hawaufungulii mlango katika vitabu kwa kuuona kuwa ni upuuzi, nao ni huu: mtu ana nyumba yake na vyombo vyake vyafanya kazi, kisha katika wiki moja kimoja chaharibika, na kabla hakijatengenezwa chaharibika cha pili, na cha tatu, hata chombo cha kupandia nacho chakataa kwenda. Hakufa mtu, wala hakuungua mtu. Akenda kuwashitakia wenziwe watamcheka, wamwambie, "Ni vyombo tu." Walakini moyo wake umejaa ghadhabu ambayo hakuwa nayo hata siku aliyofiwa na mzazi wake. Kwani msiba mkubwa huja na watu wake, majirani wakaja wakakaa kitako pamoja nawe. Ama msiba wa pampu ya maji huupata peke yako, nawe huku watafuta fedha.

Nitakalo kulieleza katika karatasi hizi si jinsi ya kutengeneza vyombo. Hiyo ni kazi ya mafundi. Suala ni hili: mtu yampasa amdhanie nani, na ghadhabu ile aiweke wapi? Nami nitaanza na nafsi yangu, kwa kuwa aibu ya mwenyewe ndiyo aijuayo mtu sawasawa.

Nakaa Unguja, nje kidogo ya mji. Nyumbani kwangu pana kisima, na pampu ya umeme ipandishayo maji kwenye tangi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama mjane, alea wajukuu wanne, naye hana kisima. Tangu nalipojenga, wajukuu wake walikuwa wakija asubuhi na jioni na ndoo zao, na lango langu halikuwa na kufuli. Alkhamisi moja, zilipokuwa zimesalia siku kumi kuingia Ramadhani, alikuja yule mama kumjulia hali Bi Mkubwa, mzazi wangu, akaliona jokofu jipya tulilolinunua kwa ajili ya mfungo. Akaupapasa mlango wake, akasema, "Wenzetu mmepata." Hakusema zaidi. Akanywa kahawa, akaenda zake.

Ijumaa usiku umeme ulikatika. Uliporudi, taa ziliwaka nyeupe kupita kiasi, kisha zikazimika moja moja. Asubuhi jokofu lalikuwa kimya. Pampu tulipoiwasha ilinuka moto. Feni mbili hazikuzunguka. Jumapili nalitoka na gari kwenda kumtafuta fundi, nalo likachemsha njiani, moshi mweupe ukajaa, nikarudi kwa daladala. Bi Mkubwa akahesabu kwa vidole vyake: jokofu, pampu, feni, gari. Akasema, "Mwanangu, hili ni jicho." Hakumtaja mtu, wala hakuwa na haja ya kumtaja.

Jioni ile nalitia kufuli langoni. Sikumweleza mtu sababu. Nalijisemea moyoni: pampu imeungua, maji hayapo, watoto waja kufanya nini? Na uwongo wa maneno haya wadhihirika bila ya shahidi, kwa maana kisima kilikuwa palepale, na kamba na ndoo tulikuwa nazo, na sisi wenyewe tukiteka kwa mkono.

Hapa atatokea msomaji atakayesema kuwa jicho ni kweli na hadithi yake ni sahihi. Nami nasema vivyo hivyo. Tena atanitajia khabari iliyomo katika Muwatta wa Imamu Malik, ya Sahl bin Hunayf alipokuwa akikoga, Amir bin Rabia akamwona akastaajabia uzuri wa ngozi yake, Sahl akaanguka papo hapo; na Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani wanayemtuhumu. Ni kweli aliuliza. Walakini itazame khabari yenyewe hata mwisho wake. Yule aliyetuhumiwa aliitwa, akaambiwa kosa lake usoni pake, kuwa mbona hakumwombea mwenziwe baraka. Kisha akaamriwa aoshe viungo vyake, maji yale akamiminiwa mgonjwa, na Sahl akaondoka na watu hana ubaya wowote. Basi katika khabari ile maji yalitolewa, hayakuzuiwa. Sisi twaichukua nusu moja, ile ya kutuhumu, na nusu ya pili, ya kuitana na kusemeshana na kuponyeshana, twaiacha kitabuni. Na ile nusu tuichukuayo nayo twaichukua vibaya, kwani Amir alisema maneno yake na mgonjwa akaanguka papo hapo, ama mimi nalikuwa na neno moja la mgeni na vyombo vinne vilivyoharibika kwa siku tatu. Sura ya Al-Hujurat haikukataza dhana kwa mtu asiye na sababu hata kidogo; mtu huyo hana la kukatazwa. Yamkataza yule ambaye ana kisababu kidogo mkononi, naye atamani kiwe kikubwa.

Fundi umeme alikuja Jumanne. Nalidhani atakwenda moja kwa moja kwenye jokofu. Hakulitazama. Alikwenda penye mita, akaweka kipimo chake, kisha akatoka nje akainua macho kwenye nguzo. Akanieleza hivi: umeme huja mtaani kwa nyaya tatu zenye moto na mmoja wa nyutro. Baina ya waya mmoja wa moto na nyutro mna volti 230, ndizo zitakazo vyombo vyetu. Baina ya waya wa moto na wa pili wake mna 400. Nyutro ikilegea au ikikatika, hapana tena wa kuzipima; mstari wenye mzigo mdogo hupata volti nyingi mno, na wenye mzigo mkubwa hupata chache. Kwetu waya wa nyutro ulikuwa umeliwa na hewa ya chumvi, na umeme ulipokatika na kurudi ukaachia kabisa. Jokofu, pampu, feni: vyote vilidhurika katika dakika moja, kwa sababu moja, na sababu yenyewe ilikuwa juu ya nguzo ambayo killa mtu aiona akipita.

Ama gari, fundi wake alinionyesha rejeta iliyotoboka na gasketi ya silinda iliyoungua. Nalijua tangu Rajabu kuwa maji yapungua. Nalikuwa nikijaza kwa chupa killa asubuhi, nikisema nitalipeleka wiki ijayo. Gari halikudhurika kwa jicho wala kwa umeme. Lilidhurika kwangu mimi.

Fundi umeme alipokuwa akikunja nyaya zake aliniambia kuwa atokapo kwangu aenda nyumba ya pili. Nikamwuliza, "Kuna nini huko?" Akasema kuwa yule mama taa zake zote zimeungua, na feni yake, naye hana ila hiyo moja, na redio aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyumba zetu zala umeme katika mstari mmoja wa nguzo moja. Siku nne amekaa gizani, wala hakutia mtu kufuli.

Baadaye nalikaa na mpwa wangu asomeshaye hisabati, nikamwuliza kama ajabu hii ina hesabu. Akaniambia nimpe idadi. Tukachukua nyumba yenye vyombo kumi na viwili, killa kimoja huharibika, kwa wastani, mara moja katika miaka minne. Basi ni vitatu kwa mwaka, na mtu hudhani vitakuja kwa zamu, kimoja killa miezi minne, kama wageni walioalikwa. Haviji hivyo. Akahesabu kuwa katika miaka ishirini nyumba hiyo itapata yapata miezi sita ambayo ndani yake vyombo viwili au zaidi vitaharibika pamoja, na kuupata japo mwezi mmoja wenye vitatu si jambo la kushangaza. Na hiyo ni hesabu ya vyombo visivyohusiana kabisa. Vyetu vyahusiana: vyala umeme mmoja, vyavuta hewa moja ya bahari, vingi vilinunuliwa mwaka mmoja wa harusi, na vyote mwenyewe ni mmoja, mwenye tabia ya kusema wiki ijayo. Hesabu hii haiondoi kadari ya Mwenyezi Mungu hata kidogo. Yaondoa tu ushahidi tuliodhani tunao juu ya jirani.

Lakini kuna jambo lililonisumbua zaidi ya hesabu. Wenye umri wakumbuka giza la Unguja. Umeme wetu hutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari, na waya wa zamani ulikuwa umelazwa mwaka 1980. Mwaka 2008, tangu mwezi Mei, kisiwa kilikaa yapata mwezi mmoja bila ya umeme huo. Kisha tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, hata Machi 2010, miezi mitatu mizima. Na waya mpya haukuja mpaka mwaka 2013. Katika miezi ile mitatu hapakuwa na jokofu lililofanya kazi illa kwa wenye majenereta, na pampu zilisimama, na watu wazima waliosahau kamba ya kisima waliishika tena. Hasara ile ilikuwa kubwa kuliko yangu mara nyingi. Nami nalikuwapo, na sikumsikia mtu hata mmoja mtaani kwetu akiuliza, "Ni jicho la nani?" Nyumba yetu tulikuwa tukiketi barazani na majirani hata usiku mkubwa, kwa sababu ndani hapakaliki, na yule mama alikuwa miongoni mwetu.

Basi kilichokuwa kikinichoma katika wiki ile kabla ya Ramadhani si joto wala kuteka maji. Joto lile nalilijua. Kilichonichoma ni kuwa nalidhani yamenifika mimi peke yangu, na kuwa wengine walala penye upepo wa feni zao. Lau ningalitoka nje nikauliza nyumba ya pili, "Je, nanyi?", pasingalikuwa na jicho wala kufuli. Neno moja hilo lingalitosha, na wala si neno la dini tu, hata fundi angaliniambia niulize hivyo kwanza.

Na watu husema subira, subira, wakimaanisha kunyamaza. Mimi nalinyamaza sana wiki ile. Sikumpigia mtu kelele, hata mke wangu alinisifu. Na katika kunyamaza kwangu mliharibika vitu viwili. Cha kwanza ni nguru mzima tuliyemweka kwa ajili ya futari. Jokofu lililozimika, likiachwa limefungwa, huhifadhi ubaridi wake yapata saa nne, na friza iliyojaa huweza kufika siku mbili. Ama sisi tulikuwa tukifungua killa mara kutazama kama limerudi, kama kwamba kutazama kunatengeneza. Wazee wetu wangalimtia chumvi wakamfanya ng'onda. (Wala sisemi turudi kwenye mitungi, wausifuo mtungi wengi wao hawakupata kuujaza.) Au angalipelekwa nyumba ya pili Jumamosi ile ile, akaliwa na watoto wanne. Jumatatu tulimfukia nyuma ya nyumba, kwa kuwa lango lilikuwa na kufuli na nisingeweza kupeleka samaki penye watu niliowafungia maji.

Cha pili ni kile kitajwacho mwishoni mwa Sura ya Al-Maun. Wako wafasiri waliosema kuwa al-maun ni vyombo vidogo vya nyumbani ambavyo watu huazimana, kama ndoo na chungu na shoka. Nalikuwa nimeisoma sura ile katika sala ya magharibi usiku wa kufuli, kwa kuwa ni fupi.

Palibaki suala moja. Maulamaa wamekhitalifiana juu ya mtu aliyemsengenya mwenziwe naye mwenyewe hana khabari: wako wasemao yampasa amwendee amweleze amtake radhi, na wako wasemao amwombee tu na kumtaja kwa wema, asije akamchoma moyo mara ya pili kwa kumpa khabari asiyokuwa nayo. Jambo langu lilikuwa la sehemu mbili. Kufuli alilijua, jicho sikumwambia mtu. Nikaona nimtake radhi kwa lile alilolijua, na lile la pili nilibebe mwenyewe. Hata sasa sina hakika kama nalifanya vema, au nalichagua lililo jepesi nikalivika kilemba cha fatwa.

Nikaenda na mke wangu baada ya Isha. Alikuwa amewasha kandili. Nikasema, "Mama, nimekuja kukutaka radhi kwa lile lango." Akanitazama kitambo, nami nikadhani kuwa yote mawili ayajua. Akasema, "Maji tulipata, mwanangu. Watu wa nyumba ya mbele walitupa." Nikamwambia kuwa feni na redio nitazitengeneza mimi. Feni aliikubali. Redio akasema ilikuwa haisemi sawasawa tangu zamani, akaagiza kahawa.

Kufuli nalilitoa usiku ule ule. Pampu imetengenezwa, yapandisha maji tangu siku ya kwanza ya Ramadhani. Wajukuu wapita mbele ya lango langu asubuhi na jioni na ndoo zao vichwani, waenda nyumba ya mbele. Wakiniona husimama, husema shikamoo kwa adabu, nami naitikia, nao hao wanakwenda zao.