Kidonge cha Mgongo

Kila asubuhi kabla ya kupanda daladala kwenda saiti, fundi mwashi mmoja wa mtaani kwetu alisimama kwenye dirisha la duka la dawa. "Dokta, nipe ile ya mgongo." Alipewa vidonge viwili vya diklofenaki kwenye kikaratasi, kimoja akakimeza palepale. Mama Asha, mkewe, alimsihi kila mara: "Baba Asha, kula kwanza." Naye alijibu kwamba chai ataikuta kazini. Ikapita miaka miwili.

Ili kuona kidonge hicho kilimfanyia nini tumboni, tuanze na asidi. Watu wengi hudhani asidi hujaa tumboni yenyewe, kama maji ya mvua kwenye pipa. Sivyo. Asidi huagizwa. Ukisikia harufu ya kitunguu kikikaangwa, au chakula kikitua tumboni, neva na homoni ya gastrini huziamsha seli fulani zikamwaga histamini. Histamini hiyo huenda kubisha hodi kwenye seli zinazotengeneza asidi. Haiingii ndani. Hodi yake ikisikika, ndani hutengenezwa mjumbe mwingine mdogo, AMP ya mduara, na huyo ndiye anayemfuata mfanyakazi aitwaye protini kinasi A.

Kinasi hii hukaa imefungwa. Wajumbe wanne wakiishika, inafunguka na kuanza kazi yake: kuchukua fosfati na kuibandika kwenye protini nyingine. Alama ndogo kiasi hicho, lakini protini iliyobandikwa hubadilika tabia. Vifuko vilivyobeba pampu, vilivyokuwa vimetulia ndani ya seli, hupanda na kuungana na utando wake, na pampu zikaanza kusukuma asidi. Edwin Krebs na Edmond Fischer waliigundua kazi hii ya kubandika na kubandua fosfati huko Seattle, Marekani, katika miaka ya 1950, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Wao walikuwa wakichunguza misuli. Kumbe moyo, ini na ubongo navyo vinapashana habari kwa njia hiyohiyo.

Mimi kinachonishangaza zaidi ni breki za njia hii. Kipo kimeng'enya cha kuivunja AMP ya mduara, na kipo cha kuibandua fosfati. Tena zipo prostaglandini, ambazo ukuta wa tumbo hujitengenezea wenyewe: hizi humzuia yule mjumbe asizidi, na papo hapo huhakikisha ukuta una ute wa kuukinga na damu ya kuulisha.

Prostaglandini ndizo diklofenaki inazozizima. Mgongoni zinachochea maumivu, kwa hiyo fundi alipata nafuu ya kweli, wala hakuwa mjinga kuitafuta. Ila kidonge hakina macho ya kuuchagua mgongo kikaliacha tumbo. Na hata angekula kwanza asingeepuka, maana dawa ikishaingia kwenye damu hulirudia tumbo kwa mlango wa nyuma. Mama Asha aliona hatari ilikokuwa, lakini chai peke yake isingeizuia.

Kiungulia kilipoanza, fundi alirudi dirishani palepale akapewa omeprazoli. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine, naye hakusema. Dawa hii haishughuliki na histamini wala kinasi. Huenda moja kwa moja kuifunga pampu. Moto ukazimika. Kwa miezi kadhaa akawa anameza vyote viwili, hadi kazi zilipokuwa chache na fedha ikapungua. Akaacha cha tumbo, akabaki na cha mgongo.

Ndipo mambo yalipogeuka. Pampu zikiwa zimefungwa, mwili huona asidi ni kidogo na kuongeza gastrini, na zile seli za histamini hunenepa na kuongezeka. Siku pampu mpya zinapoanza kazi, hodi zinazobishwa ni nyingi kuliko za mwanzo. Mwaka 2009 watafiti wa Denimaki walichapisha matokeo ya watu 120 wasiokuwa na ugonjwa wowote wa tumbo. Miongoni mwa waliopewa dawa ya jamii hii kwa wiki 8 kisha wakaachishwa, zaidi ya 40 katika kila 100 walipata kiungulia au usumbufu mwingine wa tumbo. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 15. Dawa ilikuwa imewaachia dalili ambazo hawakuja nazo.

Fundi alirudiwa na moto wakati breki zimezimwa na ukuta hauna kinga. Choo kikawa cheusi kama lami. Siku ya kwanza akadhani ni mboga aliyokula, ya pili akanyamaza, ya tatu kizunguzungu kikamshika juu ya jukwaa, vijana wake wakamdaka. Hospitali walimwongezea damu, wakampitisha kamera, wakakuta kidonda kinachovuja. Kipimo kikaonyesha pia bakteria wa vidonda vya tumbo, akaanzishiwa dawa zake.

Daktari aliviomba vidonge vyote alivyokuwa akimeza. Mama Asha akavimwaga mezani kutoka kwenye mkoba, vikaratasi kwa vikaratasi, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuvitazama vyote kwa pamoja.

Diklofenaki iliondolewa. Omeprazoli alirudishiwa, na kidonda kilipopona akapunguziwa kidogo kidogo, kwa tarehe alizoandikiwa. Mgongo bado unamuuma. Siku hizi anameza parasetamoli, na tofali anabebewa na kijana wake.