Mmeuza Macho Bila Kuuliza

Ole wenu mnaoona haya kuuliza! Mwaka 2023 foleni ilizunguka KICC, Nairobi. Watu wakainama mmoja mmoja mbele ya mashine ya duara, ikawapiga picha mboni za macho, nao wakaahidiwa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Swali lililosikika ni moja tu: hela inaingia lini?

Mwenye njaa simkaripii. Nakukaripia wewe uliyesoma, mhadhiri, mwanahabari, mkuu wa idara, uliyepita pale ukatazama ukanyamaza.

Wenye kuuliza mapema tunao. Joy Buolamwini, akiwa mwanafunzi MIT, alikuta kompyuta haiuoni uso wake mweusi mpaka avae kinyago cheupe. Hakuishia kunung'unika. Yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walikusanya picha za wabunge 1,270, wakiwamo wa Rwanda, Senegal na Afrika Kusini, wakazijaribu kwenye programu za makampuni makubwa zinazotambua jinsia kwa sura. Matokeo yakatoka 2018: kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1, kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea karibu asilimia 35. Nyuso zilizokosewa ni za mama zenu na dada zenu!

Nanyi, wasomi kama hawa wawili mnawafanyia nini? Mnawaita kwenye makongamano, mnawapigia makofi, mnapiga nao picha, na kesho yake mnasaini mkataba wa kamera na mashine za alama za vidole bila kufungua ukurasa wa pili. Kijana akitaka kusomea maadili ya teknolojia mnamcheka, mnamwambia hiyo haina ajira.

Wala msisingizie kukosa sheria. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ya Kenya ilikuwapo foleni ilipopangwa! Serikali ya Kenya ilisimamisha kazi ile ya kupiga picha macho Agosti 2023, macho yakiwa yameshachukuliwa, na Mahakama Kuu ikaja kuamuru data zifutwe Mei 2025.

Basi mkidaiwa kidole au uso, iwe benki au kwa wakala wa laini, msitoe kabla ya kujibiwa: data inakaa wapi, nani ataiona, itafutwa lini. Asiyejibu, mnyimeni.